Futiprinti moja kwa konekta mbili: wapi inawezekana, wapi usithubutu

Swali: "Natengeneza bodi ya kudhibiti mashine ya kutotolea vifaranga. Ina sensa ya joto na unyevu yenye waya 4, feni ya volti 12, hita ya volti 230 inayowashwa na rilei, na tundu la USB la kupandishia programu. Shida yangu ni konekta. Leo dukani napata nyeupe za XH2.54, mwezi ujao zimeisha, nabaki na heda za kawaida au terminali za skrubu. Bodi nimeshaichora kwa programu ya KiCad na nataka kuagiza 50. Je, naweza kuchora futiprinti moja inayokubali aina zote, ili nilehemu chochote nitakachokipata?"

Ndugu msomaji, futiprinti ni mchoro wa mashimo na shaba mahali kifaa kitakapolehemiwa kwenye bodi. Kwa sensa inawezekana, na nakushauri ufanye hivyo. Kwa feni inawezekana kwa ujanja kidogo. Kwa USB hapana, ila kuna njia ya kando. Kwa hita usijaribu kabisa.

Mtu akiwaza futiprinti ya pamoja huwaza mashimo kwanza, na mashimo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kinachosumbua ni kiwiliwili cha konekta, upande inakochomekewa, na mpangilio wa waya zitakazokuja kuchomekwa na mtu ambaye hakuwepo ulipokuwa unachora. Bodi inaweza kukubali konekta tatu bila taabu na bado ikaunguza sensa siku ya kwanza.

Tuanze na sensa, maana ndiko kwenye hesabu.

Konekta nyeupe zinazouzwa kwa jina la "XH2.54" ni XH za kampuni ya JST au nakala zake, na datashiti (hati ya vipimo) ya JST inasema XH ina milimita 2.50 kutoka pini hadi pini. Heda ya kawaida, ile ya pini za mraba unayoivunja kwa koleo, ndiyo yenye 2.54, yaani sehemu ya kumi ya inchi. Jina la dukani limechanganya mambo mawili. Wapo watengenezaji wa nakala wanaofuata 2.50 na wapo wanaofuata kile kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa hiyo usiamini pakiti. Chukua konekta ya pini 10, weka kalipa kwenye ubavu wa pini ya kwanza hadi ubavu uleule wa pini ya kumi. Ukisoma 22.5, una XH ya kweli. Ukisoma karibu 22.9, umeuziwa kitu cha 2.54. Kupima pini 2 tu hakukusaidii, kwa sababu tofauti ya 0.04 itapotelea mkononi mwako.

Sasa tuseme unataka XH na heda ziingie katika mashimo yaleyale 4. Ukichora kwa 2.54, XH itapishana na mashimo ya pembeni kwa 0.06 kila upande. Ukichora kwa 2.50, heda ndiyo itakayopishana kwa kiasi hicho hicho. Chora kwa 2.52, ugawanye dhambi: kila moja itapishana kwa 0.03 tu kwenye pini za mwisho. Pini ya heda ina upande wa milimita 0.64, na kwa kuwa ni ya mraba, kipimo kinachogusa ukuta wa shimo ni ulalo wake, ambao ni karibu 0.905. Kwa shimo la 1.1 unabaki na karibu 0.1 ya kuchezea kila upande. XH nayo inaingia humo bila kusukumwa.

Hapo mtu anaweza kufurahi akachora futiprinti ya pini 12. Asubiri kwanza. Kiwanda hakikupi shimo la 1.1 kamili, uvumilivu wa kawaida, yaani kosa linalokubalika, ni kama 0.08 juu au chini baada ya shimo kupakwa shaba. Chukua shimo dogo kabisa linaloruhusiwa, 1.02. Nafasi ya kuchezea inashuka hadi 0.057 kila upande. Kwa pini 6 zilizochorwa kwa 2.52, pini ya mwisho imeshapishana kwa 0.05. Inaingia, lakini umefika ukingoni, na bado hatujahesabu kwamba pini zenyewe hazikunyooka sawasawa. Mimi huishia pini 5. Zikizidi hapo nachagua aina moja ya konekta, au nachora safu mbili za mashimo zilizo sambamba, kila safu kwa kipimo chake, zikiunganishwa kwa njia za shaba.

Pedi, yaani duara za shaba zinazozunguka mashimo, zipe kipenyo cha 1.8. Ukingo wa shaba unabaki 0.35 kuzunguka shimo, na kati ya pedi na pedi unabaki na 0.72, inayotosha kwa volti 3.3 hata kwa mkono usiozoea kulehemu. Kuna hila ya kampuni ya SparkFun ya kuyumbisha mashimo ya heda kushoto na kulia kwa 0.127 mm ili heda ijibane yenyewe wakati wa kulehemu. Ni hila nzuri, nami naitumia kwenye bodi za heda tupu. Hapa usiilete, kwa sababu inakula nafasi ileile uliyoiacha kwa ajili ya tofauti ya 2.50 na 2.54.

Kiwiliwili sasa. Heda ya pini 4 ni kijiti cha 10.16 kwa 2.54. XH ya pini 4 ina urefu wa 12.4 na kina cha 5.75, na safu ya pini haiko katikati ya kina hicho. Upande mmoja umetokeza kuliko mwingine. Ukiichora kama heda, kisha ukaweka kapasita kubwa milimita 2 kutoka kwenye mashimo, XH haitakaa. Mpaka wa futiprinti uwe ule wa konekta kubwa, na kwenye maandishi meupe yanayochapwa juu ya bodi chora maumbo yote mawili: la XH kwa mstari mzima, la heda kwa mstari wa ndani. Atakayelehemu ataona mara moja upande wa kuelekeza mapengo ya plastiki ya XH.

Upande huo una uzito kuliko unavyodhani, kwa kuwa XH inachomekwa kwa namna moja tu, wakati heda inakubali plagi ikiwa imepinduliwa. Ukiruhusu heda kwenye bodi yako, umeruhusu pia siku ambayo plagi itaingia kinyume. Kwa hiyo panga pini ukijua hilo litatokea. Plagi ya pini 4 ikipinduliwa, pini 1 inakutana na 4, na 2 inakutana na 3. Usiweke pawa na graundi kwenye jozi inayobadilishana namna hiyo. Ukiziweka 2 na 3, plagi iliyopinduliwa inaipa sensa umeme wa kinyume moja kwa moja, na sensa imekwenda. Wenye magari ya kuchezea ya rimoti waliliona hili zamani: plagi ya servo ina waya 3 na pawa iko katikati, hivyo ukiipindua gari haliitikii tu, hakuna kinachoungua.

Kwa sensa yako, ikiwa ni ya I2C (mawasiliano ya waya mbili: SDA ya data na SCL ya mapigo ya saa), tumia mpangilio huu: graundi, volti 3.3, SDA, SCL. Ndio mpangilio wa konekta ndogo za Qwiic, mfumo wa SparkFun wa kuunganisha sensa. Uzuri wake ni kwamba ukiugeuza kutoka mwisho kwenda mwanzo unapata SCL, SDA, pawa, graundi, ambao ndio mpangilio wa Grove, mfumo mwingine wa namna hiyo. Konekta za mifumo hiyo haziingii kwenye mashimo yako, kwa kuwa Qwiic ni ya 1.0 mm na Grove ni ya 2.0 mm, lakini nyaya zake zinapatikana zikiwa na ncha ya pili ya kike ya heda. Mtu mwenye waya wa Qwiic atachomeka kuanzia pini 1, mwenye waya wa Grove atachomeka kuanzia pini 4, na wote watapata sensa inayosoma. Mmoja akikosea upande, pawa itaingilia kwenye mstari wa data badala ya kupinduka. Sensa haitasoma, ila mara nyingi itapona.

Twende kwenye feni. Hapa unataka XH ya pini 2 au terminali ya skrubu ya pini 2. Terminali nyingi za bluu na kijani ni za 5.08 au 5.00. Kwa pini 2 tofauti hiyo ya 0.08 haina maana, chora 5.08 uendelee. Kwa pini 8 ingekuwa 0.56 na ingekataa kabisa.

Usichore mashimo 4. Chora matatu kwa mstari mmoja. La kwanza ni la volti 12, na linatumiwa na konekta zote mbili. La pili liko 2.50 kutoka la kwanza, ni graundi ya XH. La tatu liko 5.08 kutoka la kwanza, ni graundi ya terminali. Mashimo mawili ya graundi yako kwenye neti moja, yaani yameunganishwa kiumeme, kwa hiyo hata lehemu ikitiririka kati yake hakuna hasara. Pini za terminali nyingi zina unene wa karibu milimita 1, kwa hiyo shimo la kwanza na la tatu yape 1.3. Lile la katikati libaki 1.1 au hata 1.0. Pini ya XH itacheza kidogo ndani ya shimo la 1.3, lakini lehemu inajaza vizuri. Kishikilie tu kiwiliwili kwa kidole au utepe wa karatasi mpaka pini ya pili ipoe.

Angalia nafasi ya pedi. La kwanza likiwa na pedi ya 2.2 na la pili pedi ya 1.7, kati yake inabaki 0.55. Kwa volti 12 hiyo ni salama. XH imeandikiwa ampea 3 kwa waya wa AWG 22 (AWG ni kipimo cha unene wa waya), nayo feni ndogo ya volti 12 haikaribii hapo.

Jambo linalosahaulika kwenye terminali ni mdomo wake. XH ya kusimama inachomekwa kutoka juu, kwa hiyo inaweza kukaa popote. Terminali inaingiza waya kutoka ubavuni, kwa hiyo mdomo wake lazima uelekee ukingo wa bodi na pasiwepo kitu mbele yake. Futiprinti ya pamoja inarithi masharti ya ile yenye masharti magumu zaidi. Iweke ukingoni, mdomo nje, kisha uangalie kama plagi ya XH inaweza kutolewa kwa vidole bila kugonga rilei.

Kuna watu hulazimisha konekta mbili kwa kuchora mashimo mawili yanayoingiliana, mathalani terminali ya 3.50 na ya 3.81. KiCad inaweza kukuruhusu ukizima onyo, lakini kiwandani kekee ya pili inapoingia karibu na shimo lililokwisha kutobolewa huvutwa upande usio na nyama. Inatoka na shimo la umbo la nane lenye kingo zilizochanika, au kekee inavunjika. Viwanda vingi vinataka nyama ya nusu milimita hivi kati ya shimo na shimo. Tofauti ikiwa ndogo kama hiyo ya 0.31, chora shimo moja refu la yai kwenye pini ya pili, lenye shaba ndani. Hakikisha faili ya kutoboa inalionyesha kama shimo refu, wala si duara mbili.

Hita. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Terminali ya 5.08 yenye pedi za 2.5 inakuachia 2.58 mm kati ya laini na nyutro. Viwango vya kimataifa vya umeme vya IEC, kwa volti 250 kwenye bodi ya kawaida iliyo mahali pakavu, vinaomba umbali wa kutambaa (ule unaopimwa juu ya uso wa bodi) wa 2.5 kwa insulesheni ya msingi, na 5.0 kwa iliyoimarishwa, ile inayomtenga mtu na umeme. Yaani uko kwenye mstari tayari kabla hujaongeza chochote. Ukitia shimo la tatu katikati kwa ajili ya konekta nyingine umeukata umbali huo vipande viwili. Na mashine yako si mahali pakavu: inafanya unyevu kwa makusudi, na manyoya ya vifaranga yanakamata vumbi na maji. Weka terminali moja ya 7.62, inayopatikana kirahisi, toboa mwanya kwenye bodi kati ya laini na nyutro kama nafasi inaruhusu, na acha angalau milimita 6 kati ya upande wa hita na upande wa sensa. Kama terminali ya 7.62 imeisha dukani, subiri ije. Bodi ya vifaranga inaweza kukaa wiki moja mezani.

USB. Naelewa kwa nini unataka micro-USB na USB-C kwenye sehemu moja, kwa sababu nyaya za zamani bado zimejaa majumbani. Lakini micro-B, yaani tundu la micro-USB, ina pini 5 za 0.65 mm, na konekta ya C ya pini 16 ina pedi zilizobanana kwa 0.5 mm, na masikio ya chuma ya kila moja yanatua juu ya pini za mwenzake. Hata nakala mbili za micro-B kutoka viwanda tofauti hazikubaliani kuhusu masikio. Ziweke ubavu kwa ubavu kwenye ukingo, ulehemu moja tu. Njia za data za D+ na D- zipitie kwanza kwenye konekta moja, kisha ziendelee hadi nyingine bila kuchipua tawi refu. Kwa kupandisha programu tu, milimita chache za njia isiyotumika hazitakusumbua.

Kwenye upande wa C usisahau rezista mbili za kilo-omu 5.1, moja kwa CC1 na nyingine kwa CC2, pini ambazo chaja hutumia kutambua kifaa, kila moja ikienda graundi peke yake. Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, toleo la kwanza liliunganisha CC zote mbili kwenye rezista moja, na ilipochomekwa kwa nyaya zenye chipu ndani, chaja ziliitambua kama kifaa cha sauti, zikakataa kuipa pawa. Hao walikuwa na wahandisi wengi. Wewe chora rezista mbili, na uzilehemu hata kama leo umeweka micro-B. Zitakaa kimya bila gharama ya maana.

Kuhusu KiCad. Unaweza kuweka alama mbili kwenye skimatiki (mchoro wa saketi), J3A na J3B, kisha uzilaze futiprinti mbili juu ya nyingine. Itapiga kelele kwamba maeneo yameingiliana, na utaanza kuzima maonyo. Siku itakayokuja na onyo la kweli hutaliona. Kwa kuwa unalehemu kwa mkono, tengeneza futiprinti moja yako mwenyewe. KiCad inakubali pedi mbili zenye namba moja: kwenye futiprinti ya feni, mashimo ya pili na ya tatu yote yaite 2, nayo yatahesabiwa kuwa neti moja, ila itabidi uyaunganishe kwa njia ya shaba wewe mwenyewe. Kwa USB weka alama mbili tofauti, na ile isiyotumika iwekee alama ya kutolehemiwa, DNP, ambayo ipo tangu KiCad 7. Ukija kumpa mtu mwingine kazi ya kulehemu, orodha ya vifaa itamwambia ipi aiache.

Maandishi meupe yaandike kwa ukarimu. Karibu na kila pini ya sensa weka GND, 3V3, SDA, SCL, tena nje ya kiwiliwili cha XH, maana maandishi yaliyofunikwa na plastiki hayamsaidii mtu. Kwenye feni andika +12 na pigia mstari shimo la kwanza, kwa sababu mwenye terminali ya skrubu hana mapengo ya kumwongoza.

Kabla hujalipa, chapisha bodi kwenye karatasi kwa asilimia 100, ukizima ile "ibane itoshe ukurasa" ya printa. Pima kwa rula kwamba urefu wa bodi ni ule uliouchora, bandika karatasi kwenye kipande cha povu, na uchomeke konekta zako zote, moja baada ya nyingine: XH, heda, terminali, USB zote mbili. Karatasi haitakuonyesha tofauti ya 0.03, lakini itakuonyesha plagi inayogonga rilei na terminali iliyogeuza mdomo ndani. Kisha agiza bodi 5 kwanza. Moja ijaze XH, nyingine heda na terminali, ziwashe zikiwa na sensa na feni bila hita, upindue plagi ya sensa makusudi kwenye ile ya heda uone kinachotokea, ndipo uagize zile 50.